Kocha Amehamishwa na Msimu Umekaribia: Mwongozo Kamili wa Kukabidhi na Kupokea Timu ya Soka ya Shule ya Upili

Katika kalenda ya michezo ya shule za upili nchini Kenya, soka ni mchezo wa muhula wa pili. Muhula wa kwanza huwa wa mpira wa vikapu, magongo, mpira wa mikono na raga ya wachezaji 15 kila upande. Soka, voliboli na netiboli husubiri hadi shule zifunguliwe baada ya likizo ya Aprili, kisha mambo hukimbia: kaunti ndogo, kaunti, kanda, taifa, na wanaovuka hapo huenda mashindano ya Afrika Mashariki ya FEASSSA, ambayo mwaka 2023 yalifanyika Huye nchini Rwanda, 2024 Mbale nchini Uganda na 2025 Kakamega. Kati ya kufungua shule na mechi ya kwanza ya kaunti ndogo, mara nyingi timu hupata wiki nne hadi sita za mazoezi. Barua ya uhamisho kutoka Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, inaweza kufika siku yoyote ndani ya muda huo.

Mwongozo huu umeandikiwa mwalimu mkuu, mwalimu wa michezo na kocha anayepokea timu. Kocha mpya anaweza kuwa hodari kabisa na bado akashindwa, kwa sababu kinachoivunja timu mara nyingi ni taarifa zilizoondoka na kocha wa zamani kichwani na kwenye simu yake. Ni nani aliyeumia goti likizoni? Ni nani aliyeahidiwa karo? Jina la nani haliandikwi sawa kwenye cheti cha kuzaliwa na kwenye mfumo wa taarifa za wanafunzi wa Wizara ya Elimu? Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuzirudisha taarifa hizo mikononi mwa shule. Kazi ya pili, iliyo ngumu zaidi kwa kocha mwenye bidii, ni kubadilisha mambo machache tu kabla ya mechi ya kwanza.

Anza kwa kujua ameondokaje

Uhamisho wa kawaida ndio mwepesi. Mwalimu bado yupo, ana siku kadhaa kabla ya kuripoti kituo kipya, na simu yake inapatikana. Mwombe nusu siku ya makabidhiano kabla hajafunga virago. Akishafika aendako atakuwa na timu nyingine ya kuijenga, na huenda mkakutana naye kwenye mashindano ya kaunti.

Kocha aliyeajiriwa na Bodi ya Usimamizi kwa posho ni habari nyingine. Wengi huondoka wakiwa wanadai. Mtu anayedai posho ya miezi mitatu hatatoa daftari lake la wachezaji, na wachezaji watajua kwa nini. Mlipeni, au mwandikieni ratiba ya malipo yenye sahihi ya mwalimu mkuu na mhasibu, ndipo mumwombe faili.

Hali nzito kuliko zote ni pale mwalimu mkuu anapohamishwa, kocha akamfuata, na wachezaji wakaanza kupigiwa simu. Hapo shule isipoteze muda kulalamika. Izungumze na wazazi wa wachezaji wanaolengwa ndani ya wiki hiyo hiyo, kwa utulivu, na iwaeleze mambo mawili: hali ya karo ya mtoto wao itakavyokuwa, na hatari ya mwanafunzi aliyehama kukosa kuruhusiwa kucheza msimu huo kwa mujibu wa kanuni za uhamisho za chama cha michezo cha shule za upili, KSSSA. Kanuni hizo hurekebishwa, kwa hiyo chukueni nakala ya msimu huu kutoka kwa katibu wa kaunti ndogo na msome wenyewe. Mchezaji aliyeamua kuhama pamoja na wazazi wake aachwe aende kwa amani. Wenzake wanatazama jinsi anavyotendewa.

Saa 48 za kwanza ni za uongozi wa shule

Teua mtu mmoja wa kushika timu, hata kama ni kwa muda. Mpe barua. Bila barua, kila mwalimu aliyewahi kupiga mpira atakuja uwanjani na maoni yake, na wachezaji watachagua wa kumsikiliza. Barua itaje nani anachagua kikosi, nani anaidhinisha matumizi na hadi kiasi gani, nani anatoa ruhusa ya wachezaji kutoka darasani, na muda wa uteuzi unakwisha lini. Ikiwa ni wa muda, andika tarehe. Kocha wa muda asiyejua mwisho wake huogopa kufanya uamuzi wowote.

Ikiwa kocha mpya si mwalimu, ambatanisha naye mwalimu wa shule anayekuwepo kila mazoezi na kila safari. Mwombe cheti cha maadili mema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, kabla hajakutana na wanafunzi, na umsomeshe Waraka wa TSC Na. 3 wa 2010 kuhusu kuwalinda wanafunzi dhidi ya unyanyasaji wa kingono. Hata kama ajira yake haiko chini ya TSC, shule inawajibika kwa yanayotokea uwanjani na kwenye basi. Timu ya wasichana iwe na mwalimu wa kike anayeandamana nayo kila mahali, na kocha asimchukue mchezaji faragha kwa mazungumzo. Mazungumzo ya watu wawili yafanyike mahali panapoonekana, kwa mfano kando ya uwanja wenzake wakiendelea na mazoezi.

Kisha mwalimu mkuu aitangazie timu mwenyewe, ana kwa ana, kwa dakika kumi. Tetesi za bwenini huwa zimetangulia, na zikiachwa siku tatu huwa ndiyo habari rasmi.

Faili la makabidhiano

Hii ndiyo sehemu ya kupewa muda mwingi zaidi. Tumieni faili la karatasi pamoja na nakala kwenye kompyuta ya ofisi ya michezo, na faili libaki mali ya shule.

Karatasi ya kila mchezaji iwe na jina kamili kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, tarehe ya kuzaliwa, nambari ya UPI (ya utambulisho wa mwanafunzi katika mfumo wa wizara), kidato au gredi, bweni, simu ya mzazi, nafasi anazocheza, mguu anaoutegemea, majeraha ya miezi 12 iliyopita, maradhi ya kudumu kama pumu, kifafa au selimundu, na dawa anazotumia. Mchezaji mwenye pumu lazima ajulikane kabla ya mazoezi ya kwanza, na kipulizia chake kiwe kando ya uwanja, kisifungiwe kwenye sanduku bwenini.

Ongeza ukurasa wa dakika za msimu uliopita: nani alianza, nani aliingia kutoka benchi, nani alisafiri bila kucheza. Kocha mpya akiuona ataelewa mara moja kwa nini kijana fulani ana kinyongo. Kama rekodi hiyo haipo, waite wachezaji watatu wa miaka tofauti muijenge pamoja kutoka kwa karatasi za vikosi zilizobaki.

Ukurasa wa ahadi ndio unaosahaulika, na ndio unaoleta msiba. Katika shule nyingi mchezaji mwenye kipaji yuko pale kwa makubaliano ya karo: nusu inalipwa na mfadhili, robo inasamehewa na bodi, au kocha wa zamani alikuwa akimtafutia mhisani kila muhula. Mengi ya makubaliano hayo hayajaandikwa popote. Kocha akiondoka, mfumo wa fedha humwona kijana kama mdaiwa wa kawaida, naye hurudishwa nyumbani katikati ya msimu. Kaeni mwalimu mkuu, mhasibu na kocha anayeondoka, mpitie jina kwa jina. Ahadi ambayo shule inaiweza iandikwe na kutiwa sahihi. Isiyowezekana aambiwe mzazi sasa hivi, Aprili, akiwa bado na nafasi ya kutafuta njia nyingine. Kumwambia Juni ni kumwonea.

Fedha: deni la gari, deni la waamuzi wa mechi za kirafiki, deni la duka la vifaa, na salio la bajeti ya msimu. Mhasibu athibitishe kila tarakimu.

Vifaa vihesabiwe stoo, mkononi, wala si kwa kusoma daftari. Kwa kikosi cha wachezaji 25 hiki ndicho kiwango cha chini cha kufanyia kazi: mipira 12 ya saizi 5, koni 30, vizibao 24 vya rangi mbili, nyavu mbili za magoli, pampu moja na sindano zake nne, seti mbili za jezi za rangi tofauti zenye namba 1 hadi 20, jezi mbili za makipa na jozi mbili za glavu. Kila mpira uujaze hewa na uuache usiku kucha. Unaokuwa laini asubuhi unavuja, na uliovimba upande mmoja hauna tiba, hata kama ngozi yake inang'aa. Sheria za mchezo zinataka mzunguko wa sentimita 68 hadi 70, uzito wa gramu 410 hadi 450 na shinikizo la hewa la kati ya atmosfia 0.6 na 1.1. Timu inayojifunzia mipira mizito iliyolowa hupaisha krosi siku ya mechi, ikakutana na mpira mwepesi. Kabla hujanunua jezi mpya, kagua vikinga ugoko na njumu. Shule nyingi zina jezi nzuri na wachezaji wanane wanaoazimana njumu.

Mwisho wa faili uwe na mambo ya uwanjani: mfumo uliotumika, mipira ya kona ilivyopigwa, nani alipiga penalti, wapinzani wa kaunti ndogo wanavyocheza, na video zilizopo kwenye simu. Hamisha video siku hiyo hiyo. Pia badilisha msimamizi wa kundi la WhatsApp la wazazi wa timu.

Mazungumzo na wachezaji kabla ya mpira wa kwanza kupigwa

Kocha mpya aanze na nahodha, kipa wa kwanza na beki wa kati mzoefu zaidi, mmoja mmoja. Dakika kumi zatosha. Maswali manne: Ni kitu gani timu inafanya vizuri ambacho hungependa kiguswe? Mlifungwa vipi mara nyingi msimu uliopita? Ni nani anayenyamaza lakini wenzake humsikiliza? Ni jambo gani limebaki bila kumalizwa? Majibu ya swali la pili yakifanana kwa watu watatu, umepata mada ya wiki mbili za mazoezi.

Mkutano wa timu nzima usizidi dakika 20. Usimseme vibaya kocha wa zamani hata kwa mzaha, wala usimsifu kupita kiasi. Eleza ratiba, eleza jinsi kikosi kitakavyochaguliwa, eleza adhabu ya kuchelewa, na uulize maswali. Nahodha abaki nahodha hadi wiki ya tatu. Ukimwondoa siku ya kwanza umetangaza vita na marafiki zake. Ukimthibitisha milele siku ya kwanza umejifunga kabla hujamjua.

Atakuwepo mchezaji atakayesema, "Lakini kocha wa zamani tulifanya hivi." Muulize walifanyaje hasa, na kwa nini. Mara nyingine yuko sahihi, na ni jambo la kuliacha lilivyo. Kumnyamazisha ni kupoteza taarifa ambayo huwezi kuipata kwenye faili lolote. Msaidizi wa kocha aliyebaki apewe kazi yenye jina, kwa mfano makipa au mipira iliyokufa (kona, mipira ya adhabu na ya kurusha), na apimwe kwa kazi hiyo. Msaidizi asiye na kazi husimama kando ya uwanja na wachezaji waliokasirika.

Kikosi, na mpito wa mtaala

Kabla ya majaribio, hesabu wachezaji kwa darasa. Mtihani wa KCPE, wa kumaliza shule ya msingi katika mtaala wa zamani, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na watahiniwa wake waliingia Kidato cha Kwanza mwaka 2024. Mwaka 2025 hakuna darasa jipya lililoingia shule za upili. Gredi ya 10 ya kwanza ilifika Januari 2026, na mwaka huo shule ina Gredi ya 10, Kidato cha Tatu na cha Nne. Mwaka 2027 itakuwa Gredi ya 10, ya 11 na Kidato cha Nne cha mwisho.

Kwa kocha maana yake ni nzito. Mchezaji sasa atakaa nawe miaka mitatu badala ya minne, na timu ya pili ambayo zamani ililelewa tangu Kidato cha Kwanza haipo. Mgeni wa Gredi ya 10 lazima aandaliwe kucheza mwaka huo huo. Nenda ukawatazame wenye umri huo mapema, katika michezo ya sekondari ya chini, na uulize makocha wao. Shule inayotoa mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo ina sababu ya ziada ya kufanya hivyo.

Majaribio ya wachezaji 60 kwenye uwanja mmoja, 11 kwa 11, hayafundishi kitu: winga anagusa mpira mara tatu na kocha anamchagua mwenye mwili mkubwa. Fanya michezo midogo. Wachezaji 40 hugawanywa katika viwanja vitano vya mita 30 kwa 20, wanne kwa wanne, bila kipa, magoli ya koni. Raundi sita za dakika 8, mapumziko ya dakika 2 kati yake, na vikundi vichanganywe upya kila raundi. Jumla ni dakika 58. Kila mchezaji hujiandikia pointi 3 timu yake ikishinda na 1 ikitoka sare, na nahodha wa kila uwanja athibitishe. Rudia siku tatu. Mtu anayeshinda na wenzake tofauti kila mara ana kitu, hata kama humwoni akipiga chenga. Linganisha orodha ya pointi na orodha ya macho yako, kisha uwatazame tena wale ambao orodha hizo mbili zinapingana juu yao.

Angalizo kuhusu wachezaji wa raga: muhula wa kwanza baadhi ya vijana wako wa mbio walikuwa kwenye raga. Wanarudi na mabega yaliyochoka na wakati mwingine na vichwa vilivyogongwa. Uliza kabla ya kuwapanga.

Chagua 25, na katika hao angalau 16 wawe tayari kuanza mechi. Hatua za kaunti na taifa huchezwa kwa siku chache mfululizo, na timu yenye 11 wazuri pekee huishiwa siku ya tatu.

Wiki sita za mazoezi

Tuseme muda wa michezo ni saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu jioni. Kwenye karatasi ni dakika 90. Ukitoa kubadilisha nguo na kutembea hadi uwanjani zinabaki 75, kwa hiyo panga 75: dakika 20 za kupasha misuli, 20 za kumiliki mpira kwa vikundi vidogo, 25 za mchezo wenye mada ya siku, 10 za mipira iliyokufa.

Kwa kupasha misuli tumia programu ya FIFA 11+. Ina mazoezi 15 katika sehemu tatu: kukimbia taratibu dakika 8, nguvu na mizani dakika 10, kukimbia kwa kasi dakika 2. Haihitaji kifaa chochote zaidi ya koni na mipira. Faida yake kwa magoti, vifundo na misuli ya nyuma ya paja hupatikana timu ikiifanya walau mara mbili kwa wiki na kwa usahihi. Mchezaji akitua kutoka kwenye mruko magoti yakiingia ndani, msimamishe na umrekebishe. Zoezi lililofanywa ovyo ni kupoteza dakika 20.

Pima mzigo. Nusu saa baada ya mazoezi, muulize kila mchezaji ugumu wa siku kwa alama 0 hadi 10, uzidishe kwa dakika. Mazoezi ya dakika 60 yenye alama 5 ni 300. Mpango wetu kwa wiki sita ni huu:

Wiki ya 1: siku nne, dakika 60, ugumu 5. Jumla 1,200.
Wiki ya 2: siku nne, dakika 70, ugumu 5. Jumla 1,400.
Wiki ya 3: siku tatu, dakika 75, ugumu 6, pamoja na mechi ya kirafiki ya dakika 45 kwa kila mchezaji, ugumu 7. Jumla 1,665.
Wiki ya 4: siku tatu, dakika 65, ugumu 5, na kirafiki ya dakika 60, ugumu 7. Jumla 1,395.
Wiki ya 5: siku tatu, dakika 70, ugumu 6, na kirafiki ya dakika 70, ugumu 7. Jumla 1,750.
Wiki ya 6: siku tatu, dakika 50, ugumu 5, kisha mechi. Mazoezi jumla 750.

Ukiwa na wiki nne tu, fuata ya 1, ya 2, ya 3 na ya 6. Usiruke ya kwanza. Kosa la kawaida la kocha mpya ni kutaka aonekane mkali: mbio za kilima alfajiri, mbio tena jioni, vijana waliotoka likizo wakitapika. Wiki ya kwanza huonekana imefana. Wiki ya tatu nusu ya timu inashika ugoko na nyonga, na hapo hakuna muda wa kuponya. Mbio za saa kumi na moja alfajiri pia zinaiba usingizi wa kijana ambaye jana alisoma hadi saa nne usiku. Ziondoe kabisa katika msimu.

Kuhusu mbinu: mfumo wanaoujua ubaki hadi hatua ya kaunti ndogo iishe. Kama walicheza 4-4-2, endelea na 4-4-2. Chagua jambo moja la kubadilisha, lile lililotajwa na nahodha, kipa na beki. Mfano: kama mabao mengi yalitoka pale timu ilipopoteza mpira katikati, mada yako ni sekunde tano za kwanza baada ya kuupoteza: aliye karibu anakaba, wawili wa pili wanafunga njia za pasi, mabeki wanarudi hatua tano wakiwa wameshikana mstari. Ifundishe wiki mbili nzima katika michezo ya sita kwa sita. Kocha anayeleta mfumo mpya, namna mpya ya kukaba juu na namna mpya ya kuanza na kipa ndani ya mwezi mmoja atapata mabeki wanaofikiri badala ya kukimbia.

Mipira iliyokufa ndiyo faida ya haraka kwa timu iliyobadilisha kocha, kwa kuwa haihitaji miaka ya mazoea. Funza kona mbili za kushambulia, mpangilio mmoja wa kulinda kona wenye jina la kila mtu na mahali pake, kurusha kumoja karibu na goli la mpinzani, na ukuta wa mpira wa adhabu unaopangwa na kipa. Andika majina matano ya wapiga penalti kwa mpangilio, na uwapigishe mwisho wa mazoezi wakiwa wamechoka, wakitembea kutoka katikati ya uwanja wenzao wakitazama.

Mechi tatu za kirafiki

Ya kwanza, gawa kikosi timu mbili zenye nguvu sawa, kila moja dakika 45. Usihangaikie matokeo. Ya pili, cheza na timu inayokabiliana kwa nguvu, jaribu ulinzi wa kona, na muweke nahodha nje kwa nusu saa uone nani anaongea. Ya tatu, panga unaodhani ndio watakaoanza, na uwavalishe jezi za mashindano ili kasoro za namba na saizi zijulikane mapema. Mpinzani awe mbali kidogo na kaunti ndogo yenu. Hakuna haja ya kumwonyesha mtakayekutana naye kona zenu.

Karatasi za usajili

Mpe kazi hii mwalimu mwingine, si kocha. Timu huondolewa mashindanoni kwa karatasi hata baada ya kushinda uwanjani, na rufaa ya mpinzani huanzia hapo. Wiki mbili kabla ya tarehe ya mwisho, laza mezani cheti cha kuzaliwa, taarifa za mfumo wa wizara na fomu ya usajili za kila mchezaji, usome herufi kwa herufi. Jina lililo na herufi moja zaidi, tarehe iliyogeuzwa siku na mwezi, picha ya zamani: haya yote hurekebishwa kwa siku kadhaa, hayarekebishwi asubuhi ya mechi. Mchezaji ambaye umri wake una shaka aachwe nje. Mkisafiri, vyeti halisi viende kwenye begi moja lenye mtu mmoja anayelijibia.

Darasa, mzazi, zahanati

Watahiniwa wa Kidato cha Nne hufanya mitihani ya majaribio katika muhula huo huo wa pili. Kaa na mkuu wa taaluma wiki ya kwanza, mlinganishe tarehe, na mpange nani atawafidia vipindi. Mwalimu wa Hesabu aliyeulizwa mapema husaidia. Aliyeshtukizwa huwa mpinzani wa timu hadi Novemba.

Wazazi wapewe barua moja: kocha ni nani, mwalimu anayeandamana ni nani, ratiba, na kibali cha kusafiri na cha matibabu cha kutia sahihi.

Kwa dharura, bandika kwenye kisanduku cha huduma ya kwanza namba ya muuguzi, ya dereva na ya hospitali iliyo karibu, na jina la anayebaki na timu mwingine akimpeleka majeruhi. Mchezaji aliyegongwa kichwa akachanganyikiwa, akatapika au akapoteza fahamu hata kwa sekunde chache anatoka na harudi uwanjani siku hiyo, hata kama ni fainali na anasisitiza yuko sawa. Anahitaji kuonwa na daktari, na kurudi kwake ni hatua kwa hatua kwa idhini ya daktari huyo.

Wiki ya tatu, kagua

Angalia mahudhurio kwanza: wakipungua bila ugonjwa, kuna jambo halijasemwa. Angalia wanaokaa pamoja wakati wa maji. Angalia kama wachezaji wa benchi wanaelewa kona zenu sawa na wanaoanza. Sasa ndipo uamue kuhusu nahodha, na umweleze mwenyewe kabla ya timu. Mwalimu mkuu naye akutane na kocha kwa nusu saa, ajibu maombi ya vifaa kwa ndiyo au hapana, na asiingie kwenye uchaguzi wa kikosi.

Baada ya kila mechi, kocha aandike usiku huo dakika za kila mchezaji, majeraha na mabao yalivyopatikana, kisha kesho yake asubuhi karatasi iingie kwenye faili la ofisi ya michezo. Timu ikitolewa au ikimaliza msimu, faili lisainiwe upya na kocha, mwalimu wa michezo na mhasibu kabla ya shule kufungwa mwisho wa muhula wa pili, awe kocha anabaki au anaondoka.